Nukta ya Rangi ya Kucha

Kazini wananiita Mama Usiguse. Jina hilo alinibandika mtangazaji wa michezo, yule mwenye mdomo usio na kituo, siku niliyomkuta anapuliza maikrofoni yangu kwa nguvu zake zote huku akiuliza, "Mnanisikia?" Nikamwambia kama ana hamu ya kupuliza, nyumbani kwake kuna jiko la mkaa. Maikrofoni haipulizwi wala haigongwi kwa kidole. Haishikwi kichwani kwenye wavu, hushikwa kiunoni, na haiachwi ikaning'inia kwa kebo yake. Alicheka, na kuanzia siku hiyo jina likaniganda. Sikujali. Nimetunza stoo ya maikrofoni ya kituo chetu cha redio kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kutoka na kitu mlangoni kwangu bila kunitazama usoni.

Stoo yenyewe ni chumba kisicho na dirisha, chenye rafu tatu, meza moja na feni inayolalamika mchana kutwa. Rafu ya juu ni za kushika mkononi, zile sugu zinazovumilia kuanguka. Ya katikati ni za studio, kila moja ndani ya sanduku lake lenye sponji. Ya chini ni vikorokoro: klipu, kofia za sponji, vitambaa vya kukinga pumzi, vipete vya shaba vya kuunganishia maikrofoni na stendi zisizolingana nazo, ambavyo watangazaji huvipoteza utadhani wanalipwa kwa kazi hiyo. Halafu kuna zile fremu za duara zenye mipira, ambamo maikrofoni hukaa ikielea ili kishindo cha miguu sakafuni kisiifikie. Sisi tunaziita bembea.

Maikrofoni kubwa ya studio husemeshwa ubavuni, si utosini, na ubavu huo una mbele na nyuma. Mbele inasikia. Nyuma imetengenezwa isisikie, ili isichukue takataka za chumba. Ukiitazama, pande zote mbili ni wavu uleule. Watengenezaji huweka nembo upande wa mbele, lakini nembo za kwetu zilishafutika zamani kwa kushikwashikwa, ndipo nikaanzisha desturi yangu: nukta moja ya rangi ya kucha, nyekundu, upande unaosikia. Kituo kizima huongea kuelekea nukta zangu. Mgeni akiniuliza mbele ni wapi, namwuliza kama ana macho.

Dada yangu ni fundi cherehani. Yeye ndiye kifungua mimba, mimi nilimfuata miaka sita baadaye na sijawahi kumfikia kwa lolote. Anaishi na mama. Mama haoni, macho yalififia taratibu mpaka yakazima, na hilo tulilizoea. Lililotushinda ni kumbukumbu. Siku hizi mama hajui kama baba alishafariki, na mimi hunidhani jirani mwenye tabia ya kuingia bila hodi. Mkono wowote ukimgusa hujikunyata ukutani na kupiga kelele mpaka sauti inamkauka. Hata mkono wa dada, mpaka dada atangulize sauti. "Mama, ni mimi," dada husema akiwa mlangoni, na hapo unayaona mabega ya mama yakishuka. Ndipo ataoga, ndipo atafungua kinywa apokee kijiko, ndipo atameza dawa zake. Nimewahi kusimama palepale mlangoni nikasema maneno yaleyale. Aliniambia nirudi kwangu, hana cha kuniazima.

Kwa hiyo daktari alipotueleza kwamba uvimbe ulio kooni mwa dada umeshika pabaya, kwamba watamwondolea zoloto lote, kisanduku chenyewe cha sauti, na kuanzia hapo atapumua kwa tundu la shingoni, dada hakuuliza kuhusu shingo. Aliuliza, "Sasa mama atakula kwa nani?" Daktari akanitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Tulijaribu simu kwanza. Dada alijirekodi kwenye simu yake, tukamchezea mama. Akaisukuma ile simu ikaanguka chini ya kitanda. "Hao watu wa kwenye debe siwataki humu," alisema. Nikafikiri. Jumapili iliyofuata nikabeba spika nzuri kutoka kazini, nikaiweka kando ya kitanda chake, nikamchezea sauti ya msomaji wetu wa habari, mwanamke mwenye sauti ya karibu, iliyorekodiwa kwenye maikrofoni yangu bora. Mama akageuza uso, akatabasamu, akasema, "Karibu, mwanangu, kaa."

Nakumbuka tulivyotazamana mimi na dada. Nilijiona mtu mkubwa siku hiyo. "Tutakurekodi wewe," nilimwambia. "Maneno yote unayomwambia. Utakuwa unabonyeza, sauti inatangulia, mkono unafuata. Hatajua tofauti."

"Una hakika?"

"Dada, hii ndiyo kazi pekee ninayoijua."

Akaniamini. Aliandika maneno yake nyuma ya karatasi ya kukatia mitindo, thelathini na moja. *Mama, ni mimi. Nakushika mkono sasa. Maji ni ya uvuguvugu. Fungua kinywa kidogo. Hicho ni cha mwisho. Nipo, lala.* Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, akaamua kuiwekea akiba. Kwa siku tisa hakusema na mtu ila mama, na kwa mama nako maneno machache tu, mimi nikiwa kazini. Nilipokuja jioni tuliandikiana. Alikuwa anaandika matani mengi kuliko alivyokuwa akiyasema. Siku moja aliandika kwamba sasa hatimaye nitapata nafasi ya kumaliza sentensi zangu.

Jumatatu mtangazaji wa michezo akaimwagia chai maikrofoni yangu bora. Sikumwambia kitu, jambo lililomtisha kuliko matusi. Nikaipeleka stoo, nikafungua skrubu mbili za chini, nikavua ganda pamoja na wavu wake, nikaufuta kwa pamba, nikauacha mezani ukauke mbele ya feni. Ganda hilo, ambalo ndilo lenye nukta yangu, hurudi kwa namna zote mbili, mbele au nyuma, na skrubu zinakubali. Ndiyo maana nina sharti: ukifungua maikrofoni, ukaifunga, unavaa hedifoni na kuizunguka. Moja, mbili, mbele yake. Moja, mbili, nyuma yake. Masikio yakuambie ukweli kabla hujaweka sahihi kwenye daftari. Nimewafundisha sharti hilo watu wasio na idadi, wengine mpaka wakanichukia.

Nilikuwa nimeshika ganda mkononi simu ilipolia. Walikuwa watu wa hospitali. Upasuaji umesogezwa mbele, si wiki ijayo tena, ni Alhamisi hii. Nikajibu sawa, sawa, nimeelewa. Nikarudisha ganda, nikakaza skrubu, nikaitazama nukta yangu nyekundu inavyong'aa, nikaifunga sandukuni nikatoka mbio kutafuta nani ataniachia studio Jumatano. Sikuizunguka.

Jumatano saa tatu asubuhi nilimwingiza dada studio ndogo. Nilifanya kila kitu kwa utaratibu, nasema ukweli. Niliikaza stendi isitikisike. Nikaiweka maikrofoni ndani ya bembea, mipira yote minne mahali pake, nikaning'iniza kitambaa cha kukinga pumzi mbele yake, nikapima shubiri moja kutoka kitambaani hadi midomoni mwa dada. Nikageuza nukta imwelekee. Dada aliinyooshea kidole akainua nyusi. "Ndiyo," nikamwambia, "hiyo nukta ndiyo sikio. Ongea nayo kama unaongea na mama." Akavuta skafu yake vizuri, akatandaza karatasi.

Fundi mitambo wa kituo alikuwa ameniachia meza yake ya kurekodia, nikakaa mwenyewe upande wa pili wa kioo. Nikavaa hedifoni. Dada akainua kidole gumba. Nikaanza kurekodi.

"Mama, ni mimi."

Ilikuwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Ilififia, imevaa mwangwi wa kuta, haina kifua wala pumzi. Siku tisa nilikuwa sijaisikia. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, ugonjwa umeshaila. Machozi yakanijaa papo hapo nikainama kama ninayetafuta kitu chini ya meza. Nilipoinuka nikaongeza kipimo cha sauti, nikaongeza tena, ikapanda na mvumo wa chumba ukapanda nao.

Naomba nieleweke. Angekuwa mtu mwingine yeyote duniani, ningesimamisha. Ningeingia, ningekagua kebo, ningezunguka maikrofoni. Sikio langu lilijua kwamba kuna kitu hakiko sawa, lilijua kabisa, lakini nilikuwa nimeshapata jibu na jibu lenyewe lilikuwa shingoni mwa dada yangu. Ningeingia nimwambie nini? Kwamba sauti yake haifai? Alinitazama kwa kioo akauliza kwa mkono, vipi? Nikabonyeza kitufe cha kuongea naye.

"Iko vizuri, dada. Inapendeza mno."

Akatabasamu kwa meno yote. Akasoma yote thelathini na moja. "Mama, ni mimi" aliirudia mara tatu, kila mara akiweka tabasamu ndani yake, na mara ya tatu akakohoa, akaniashiria kwamba anataka arudie ya nne. Mimi ambaye nimewahi kumrudisha waziri mzima kwa sababu midomo yake ilitoa mlio, nikamwambia, "Imetosha. Usijichoshe." Ilikuwa huruma. Hakuna kitu nimewahi kukifanya kwa huruma kubwa kama kile.

Alipotoka aliandika kwenye karatasi yake: *Imetoka?* Nikamwambia imetoka. Akanikumbatia, na mimi nikamkumbatia kwa kumhurumia.

Jioni ile alitumia sauti iliyobaki kwa mama. Nilikuwepo nyumbani. Niliposikia anaelekea chumbani kwa mama nikajitia kuosha vyombo, nikafungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga kelele kwenye sufuria. Sikutaka kuisikia tena ile sauti. Walikaa humo karibu saa nzima. Sufuria zile niliziosha mara mbili.

Alhamisi wakamkata. Upasuaji ulikwenda vizuri, daktari alisema, na kwa upande wake alisema kweli. Dada alinipa sharti moja kabla hajaingia, ameliandika kwa herufi kubwa: nisimchezee mama rekodi mpaka yeye arudi, asije akaizoea sauti isiyo na mkono. Nikalishika. Siku zote hizo mama alikula mikate niliyomwachia mezani, na maji aliyapapasa mwenyewe. Kuoga hakuoga.

Jumanne yake msomaji wa habari akaja stoo akiwa na sanduku la maikrofoni mkononi. Ni mstaarabu, alibisha hodi kwanza.

"Mama Usiguse, usinikasirikie. Hii nzuri yako imezeeka."

"Imezeeka vipi?"

"Leo nimesikika kama nasomea habari chooni. Fundi mitambo amebadilisha kebo, wapi."

"Au ni wewe una mafua."

"Sina mafua, mama."

Nikaichukua kwa hasira zangu. Nikaifunga kwenye stendi palepale stoo, nikachomeka, nikavaa hedifoni, nikasogea kwenye nukta yangu. "Moja, mbili," nikasema. Na masikioni mwangu ikaja ile sauti ya mtu aliye chumba cha pili, imevaa mwangwi, haina kifua. Niliijua kabla sijamaliza kusema mbili. Miguu ikanipeleka kuzunguka upande wa nyuma, usio na alama. "Moja," nikasema, na nikajisikia nimejaa masikioni, na pumzi yangu, na mate yangu, na kukwaruza kwa koo langu, karibu kiasi cha kujigusa. Mbili sikuisema.

Msomaji wa habari aliniuliza kama niko sawa. Nikamwambia aniache.

Nilikaa kwenye kiti cha stoo nikatafuta wa kumlaumu. Nikaanza na mtangazaji wa michezo na chai yake, nikaja kwa watu wa hospitali na simu yao, nikafika hata kwa waliotengeneza ganda linaloingia pande zote mbili. Wote hawakunitosha. Siku ile ya Jumatano sauti ya dada ilikuwepo. Ilikuwa nzima, imekwaruza kidogo tu, siku tisa ameilinda, ameileta mpaka shubiri moja kutoka kwenye kifaa changu na kuimimina yote upande usiosikia. Na mimi nikakaa nyuma ya kioo nikamlilia.

Nilimpelekea fundi mitambo rekodi. Alikuwa kijana mwema, anaheshimu kazi, hakuniuliza maswali. Alishinda nayo siku mbili. Aliondoa mvumo, akanenepesha hapa, akapunguza pale. Nikamsikiliza kila alipoita. Mwisho alivua hedifoni akaziweka mezani polepole.

"Kuipandisha naweza, mama. Kuisogeza siwezi."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu kila kitu. Maikrofoni ilichosikia ndicho hicho."

Hospitali nilikwenda kila mchana. Dada alikuwa amekaa kitandani, bomba shingoni, uso umepungua lakini macho yaleyale. Kila siku aliandika swali lilelile: mama amekula? Na siku moja akaongeza: *Spika iko tayari?* Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Ningeweza kumwambia siku hiyo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nikayameza, nikamwuliza kama anataka mto mwingine.

Alirudi nyumbani siku ya ishirini na mbili tangu akatwe, saa kumi alasiri. Hakutaka kupumzika wala kunywa chochote. Alivua viatu, akanawa mikono, akaipasha kwa kuisugua kama afanyavyo siku zote kabla ya kumgusa mama. Fundi mitambo alikuwa ameyapanga maneno yote kwenye kidude chenye vitufe, kila kitufe na karatasi yake ndogo. Dada akakishika. Mimi nilikuwa nimeshaiweka spika, si kando ya kitanda tena, nimeiegemeza kwenye mto, kiganja kimoja kutoka sikioni mwa mama. Nilijidanganya kwamba ukaribu wa spika utafidia.

Mama alikuwa amekaa na mgongo ukutani, nywele hazijachanwa, mikono mapajani. Dada akasimama mlangoni, akabonyeza.

"Mama, ni mimi."

Mama akainua uso. Mabega yakaanza kushuka, nayaona mpaka leo, yakashuka kidogo yakasimama. Dada akavuka chumba kwa hatua zake nyepesi, akakaa kitandani, akabonyeza cha pili. "Nakushika mkono sasa." Akaushika.

Mama akaunyakua mkono wake na kuubana kifuani. "Nani huyu?"

Dada akabonyeza tena. "Mama, ni mimi."

"Nakusikia, mwanangu," mama akasema, lakini hakusema kuelekea kwa dada. Alisema juu juu, kwa sauti ya kumwita mtu aliye nje. "Mbona uko huko? Ingia. Kuna mtu humu amekaa kitandani kwangu."

Dada akanigeukia. Akachukua daftari lake, akaandika, akaniinulia nisome: *Ndivyo nilivyokuwa nasikika?*

"Hapana," nikasema. "Sauti yako ilikuwa nzima, dada. Niliifunga maikrofoni kinyume. Ulikuwa unaongea na mgongo wake, na mimi nikadhani ni ugonjwa."

Dada akaiweka kalamu chini. Kisha akainamia vitufe, akatafuta kwa kidole, akabonyeza. "Nipo, lala." Akabonyeza tena. "Nipo, lala."

"Nilale vipi na wewe uko nje?" mama akasema. Akajikunyata zaidi ukutani, mbali na goti la dada, akapapasa hewani upande wangu. "Wewe jirani, upo? Mfungulie mwanangu mlango. Huyu mwingine mwambie atoke."

Mlango ulikuwa wazi. Dada alikuwa amekaa pale na mkono wake ulionyooshwa juu ya shuka, akipumua kwa ule mlio mdogo wa shingoni. Nikaenda, nikaurudisha mlango, nikaufungua tena kwa kishindo ili mama asikie. Mama akageuza uso wake wote kuelekea mlangoni, akajitengeneza nywele kwa kiganja, akangoja aingie.